Kiungo ni cha Mnyama Kwanza

Mhadhara kwa walimu na wazazi wa watoto wadogo, Lulimba, sekta ya Ngandja, wilaya ya Fizi



Mmenipa kazi ya kusema juu ya namna ya kuwafundisha watoto wadogo viungo vya mwili wa wanyama na kazi ya kila kiungo. Najua nazungumza na watu waliobeba mizigo mingine mizito. Tangu Septemba 2019, serikali ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo, madarasa yamefurika. Familia zilizokimbia vijiji vyao zimeingia Lulimba, Misisi na Lubondja na watoto wasio na daftari wala kalamu. Hata hivyo nalitetea somo hili kwa moyo wote. Vifaa vyake vinatembea uani kwetu bila kununuliwa, na likifundishwa vema humzoeza mtoto kutazama, kuuliza na kutoa ushahidi wa anachosema.

Neno langu la leo ni moja. Mbele ya kila kiungo, mtoto aulizwe kwanza kinamsaidia nini mnyama mwenyewe. Faida tunayoipata sisi watu ije baadaye.

MTOTO ANAKUJA SHULENI NA NINI

Mtoto wa miaka mitano hapa kwetu si mgeni wa mwili wa mnyama. Ameona mbuzi akichinjwa siku ya harusi au ya matanga. Anayajua maini, moyo, mapafu na utumbo. Anajua kwamba katika nyumba nyingi firigisi ya kuku ni ya baba au ya mgeni, na mtoto wa mwindaji anajua paja linapelekwa kwa nani na kifua kinabaki kwa nani. Mwalimu asiudharau ujuzi huo. Mtoto wa mjini anayefundishwa kwa picha za simba na twiga hajaushika moyo wa mnyama kwa mkono wake.

Lakini ujuzi huo umetoka upande wa sufuria. Muulize mtoto: ng'ombe ana kiwele cha nini? Atajibu: cha kutupatia maziwa. Kuku anataga kwa nini? Mama auze mayai sokoni. Pembe za mbuzi ni za nini? Za kumshikia. Majibu hayo si uongo, maana maziwa tunakunywa na mayai tunauza. Ila mwalimu akiyapokea na kuendelea mbele, mtoto ataondoka akidhani kwamba dunia nzima iliumbwa kwa ajili ya mkono wake, na hatakuwa na sababu ya kuuliza tena.

Sasa turudi kwenye swali lile lile kwa njia nyingine. Ndama asipopata kiwele, anakula nini wiki yake ya kwanza? Yai likiachwa chini ya mama yake siku 21, linatoka nini? Hapo mtoto ananyamaza, halafu anaanza kufikiri. Kiini cha yai ni chakula cha kifaranga anayejengeka ndani. Ganda ni gumu ili mama alalie bila kulivunja, na limetobolewa na matundu maelfu, madogo mno kuonekana kwa macho, ili kifaranga apate hewa. Mwalimu anaweza kuthibitisha mbele ya darasa: aweke yai katika maji ya moto, na watoto wataona vipovu vidogo vikitoka gandani. Yai hilo hilo baadaye litaliwa. Limeshafundisha kwanza.

KUKU MMOJA ANATOSHA

Walimu wengi hufikiri somo la wanyama linahitaji chati ya rangi kutoka Bukavu. Kuku mmoja hai, aliyefungwa kamba mguuni chini ya mwembe, ana masomo ya wiki mbili.

Anza na mdomo. Waachie watoto watafute meno, hawatayapata. Basi mahindi yanasagwa wapi? Hapo ile firigisi ya baba inarudi darasani kwa heshima mpya. Siku kuku anapochinjwa nyumbani, mama ampe mtoto firigisi aipasue mwenyewe. Ndani atakuta mchanga na vijiwe vidogo. Kuku humeza vijiwe hivyo kwa kusudi, na misuli minene ya firigisi huviviringisha pamoja na nafaka mpaka nafaka ilainike. Jiwe la kusagia la bibi liko uani, na la kuku liko tumboni. Mtoto aliyeligundua hilo kwa vidole vyake hatalisahau hata akizeeka.

Kisha miguu. Mwalimu achukue mguu wa kuku uliokatwa, ule ambao watoto huuchezea, na auoneshe ukano mweupe unaotokeza kwenye kidonda. Mtoto auvute. Vidole vinafumba! Auachie, vinafumbuka. Watoto wamecheka kwa mchezo huu miaka na miaka bila mtu wa kuwaambia wanachokiona: vidole vya kuku havina misuli mikubwa ndani yake; msuli uko juu mguuni, na ukano ndiyo kamba inayovuta kutoka mbali. Baada ya hapo kila mtoto ashike kigasha chake mwenyewe kwa mkono wa pili na akunje vidole. Atasikia misuli ikicheza karibu na kiwiko. Mwili wake na wa kuku umejengwa kwa ufundi unaofanana, na ni yeye aliyeutambua.

Bawa nalo lina neno. Chukueni mfupa wa bawa na mfupa wa mbuzi wa urefu unaokaribiana, muwape watoto wapime uzito kwa viganja. Vunjeni yote miwili. Wa mbuzi ni mzito na umejaa uboho. Wa kuku ni mwepesi na una uwazi. Kwa nini ndege ahitaji mifupa miepesi? Mwalimu asijibu haraka. Awape usiku mmoja wa kulala na swali.

MBUZI ANAONA NINI

Mbuzi tunaishi naye kila siku na hatumtazami usoni. Mboni ya jicho lake imelala kama ufa wa mlalo, wakati ya mtu ni duara na ya paka, jua likiwa kali, husimama wima. Mwaka 2015 Martin Banks na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha utafiti juu ya macho ya wanyama wa nchi kavu wa spishi 214. Waliona kwamba mboni za mlalo hupatikana zaidi kwa wanyama wala majani wanaowindwa, wenye macho pembeni mwa kichwa. Mboni ya namna hiyo humpa mnyama upeo mpana wa ardhi, adui akija kutoka mbele, pembeni, hata karibu na mgongoni. Na mbuzi akiinamisha kichwa kula, macho yake huzunguka ndani ya kichwa ili ule ufa ubaki sambamba na ardhi.

Jambo hili mtoto wa Lulimba anaweza kulikagua leo jioni. Amwangalie mbuzi akiwa ameinua kichwa, kisha amwangalie akila. Wanasayansi wa Berkeley walihitaji kamera. Mtoto wetu anahitaji mbuzi mpole na subira. Akimaliza, ajaribu kumnyemelea mbuzi kutoka ubavuni na aone kama ataweza. Hapo atajua kazi ya jicho kwa kushindwa kujificha.

Pia afunguliwe mdomo wa mbuzi, mtu mzima akimshika. Mbele, taya la chini lina meno na la juu halina hata moja. Kuna ufizi mgumu tu. Ng'ombe ni hivyo hivyo. Magego yako nyuma. Ni kwa nini mnyama wa kukata majani akose meno ya juu mbele? Atazamwe anavyokula: hubana majani kati ya meno ya chini na ufizi, kisha huvuta kwa kutupa kichwa. Ng'ombe huongeza ulimi, anauzungushia nyasi na kuzing'oa.

NG'OMBE NA JIRANI

Baba zangu na mama zangu, katika wilaya ya Fizi hatuwezi kumtaja ng'ombe bila kugusa maumivu. Ng'ombe wameibwa, mashamba yamekanyagwa, na watu wamekufa kwa ajili ya yote mawili. Naomba nilisemee jambo hili polepole, kwa sababu watoto wa pande zote wanaketi kwenye benchi moja.

Tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne. Kile cha kwanza, kikubwa kuliko vyote, ni pipa la kuchachishia, na wadudu wasioonekana humo ndani hufanya kazi ambayo mwili wa ng'ombe hauwezi kuifanya peke yake: huvunja nyuzinyuzi za majani. Ng'ombe humeza haraka, kisha hutafuta mahali pa kutulia, hurudisha chakula mdomoni na kukicheua, kazi inayoweza kumchukua saa sita hadi nane kwa siku. Mwili wa namna hiyo unadai majani mabichi mengi kila siku, kama sehemu ya kumi ya uzito wake, na maji kwa ndoo. Kiangazi kikikausha nyanda za juu za Itombwe, majani hayo hayapo huko, na mchungaji hana njia ila kuteremka nayo mifugo kuja Lulenge na Ngandja.

Mtoto wa mkulima anayelijua tumbo la ng'ombe anaelewa kwa nini mchungaji anashuka. Mtoto wa mchungaji naye aulizwe kwato ya ng'ombe mwenye kilo mia tatu inafanya nini kwenye tuta la mihogo au la karanga, na amsikilize mwenzake akieleza, maana anayelijua tuta hilo ni huyo mwenzake. Wazee wetu waliyajua hayo yote, ndiyo maana kulikuwa na mapatano ya njia za kupita na malipo ya itulo kwa wenye ardhi. Sisemi kwamba somo la tumbo litazima bunduki. Nasema kwamba mtoto anayejua mahitaji ya mwili wa ng'ombe atakuwa na jambo la kweli la kujadiliana na jirani yake siku akiwa mtu mzima, na katika mazungumzo hayo njaa ya ng'ombe haitaitwa uchokozi, wala hasara ya mkulima haitaitwa chuki.

Mwalimu awe mwangalifu hapa. Darasani kuna watoto walioona zizi la nyumbani likichomwa au shamba lao likimalizwa. Asimlazimishe mtoto kusimulia. Anayetaka kusema juu ya ng'ombe wao na aseme; asiyetaka atachora.

ZIWA LIKO SOKONI

Lulimba iko mbali na maji ya Tanganyika, lakini ziwa hutufikia kwa malori. Ndakala mkavu sokoni bado ana macho, mapezi, magamba na kifuniko cha matamvua. Nunueni wachache pamoja na mkeke mmoja mkubwa, muwalaze kwenye jani la mgomba. Mdomo wa ndakala ni mdogo, unafaa vijidudu vinavyoelea majini. Mdomo wa mkeke ni mpana na una meno, maana chakula chake kimojawapo ni huyo ndakala. Mwalimu afunike miili na kuacha vichwa tu, awaulize watoto nani anamla nani. Watajibu sawasawa, na wataeleza wamejuaje.

Ziwa hili lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya sato, nyingi zikiwa hazipatikani mahali pengine popote duniani. Mmoja wao, anayeitwa kitaalamu Perissodus microlepis, hula magamba ya samaki wenzake, na mdomo wake umepinda upande mmoja. Wenye mdomo uliopinda kulia huvamia ubavu wa kushoto wa windo; wenye mdomo uliopinda kushoto huvamia ubavu wa kulia. Mtafiti Mjapani, Michio Hori, alieleza mwaka 1993 kwamba idadi ya makundi hayo mawili hukaribia kulingana siku zote: kundi moja likizidi, windo hujifunza kulinda ubavu ule, na kundi la pili hupata nafasi. Jambo hilo liliushangaza ulimwengu wa sayansi, na limetoka katika maji yetu. Watoto wa Baraka na wa Lulimba wanastahili kulijua kabla ya kujua habari za pengwini.

MBU CHINI YA CHANDARUA

Kuna mnyama mmoja ambaye kuvijua viungo vyake ni kuokoa uhai. Wauguzi wa eneo la afya la Kimbi-Lulimba hawahitaji kuambiwa na mimi malaria inawafanyia nini watoto wa chini ya miaka mitano.

Mbu ana miguu sita, mabawa mawili, na mrija mdomoni. Anayeuma ni jike peke yake. Dume huishi kwa utomvu wa mimea. Jike anahitaji damu ili mayai yake yakomae. Hata hapa swali letu linafaa: mrija huo unamsaidia nini mbu mwenyewe? Mtoto anayejua jibu ameacha kudhani kwamba malaria huletwa na maembe mabichi au baridi ya asubuhi. Mnamo tarehe 20 Agosti 1897 tabibu Mwingereza aliyefanya kazi nchini India, Ronald Ross, alipasua tumbo la mbu aliyemnyonya mgonjwa, akakuta ndani ya ukuta wake vijidudu vya malaria vikikua. Dunia ilikuwa imeilaumu hewa mbaya kwa karne nyingi. Jibu lilikuwa ndani ya kiungo ambacho hakuna aliyekuwa amekitazama kwa makini.

Wapeni watoto kikombe cha maji ya dimbwi yenye viluwiluwi vya mbu. Wataona wengine wakining'inia kichwa chini, kijirija cha nyuma kikigusa uso wa maji, na wengine, ambao ndio wa mbu wa malaria, wakilala sambamba na uso huo. Wote wanatafuta hewa. Mtoto akijua hivyo ataelewa kwa nini pipa la maji hufunikwa na dimbwi la uani hufukiwa. Somo likiisha, maji hayo yamwagwe kwenye udongo mkavu, watoto wakitazama.

LUGHA YA KUTAZAMIA

Sheria ya elimu namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 inaruhusu lugha za taifa na lugha za mazingira kuwa lugha za kufundishia. Katiba inazitaja lugha za taifa nne, na Kiswahili ni mojawapo. Basi mwalimu asione aibu. Mtoto ataje kiungo kwanza kwa lugha ya nyumbani, iwe Kibembe, Kibuyu, Kifuliru au Kinyamulenge. Darasa likubaliane kwa Kiswahili. Kifaransa kije baadaye, kikute tayari kuna jambo kichwani la kupewa jina. Mtoto anayeimba orodha ya Kifaransa huku hajui firigisi inafanya nini amejifunza wimbo. Wimbo ni mzuri, ila somo bado halijaanza.

Mwalimu mwenye watoto themanini atauliza atawezaje. Nje, asubuhi, kabla ya jua kuwa kali. Makundi ya watoto wanane, kila kundi na mnyama wake au sehemu yake: unyoya, kwato, gamba, yai. Dakika za kwanza ni za kutazama kimya na kuchora mavumbini kwa kijiti. Kisha maswali matatu: kiungo hiki kikoje, kinamsaidia nini mwenyewe, na tumejuaje? Swali la tatu ndilo zito. Mtoto akisema bata haloi kwa sababu manyoya yake yana mafuta, amwagie maji bata na kuku, alinganishe.

Kuna masharti ya usalama na ya huruma. Mnyama asiteswe ili tujifunze. Kila mtoto anawe mikono kwa sabuni au majivu. Mzoga uliookotwa porini usiguswe kabisa, na mbwa asiyejulikana asikaribiwe. Tunaujua uzito wa maambukizi: mkoa wetu umeshapata somo chungu la mpox iliyoenea kutoka Kamituga tangu 2023.

MPAKA MSITUNI

Swali hili la kuku na mbuzi linafika mpaka Itombwe. Mwaka 1914 Mjerumani Paul Matschie alimpa jina la kisayansi sokwe mkubwa, yaani gorila, wa misitu ya mashariki mwa Kongo, kutokana na mifupa iliyokusanywa na Mwaustria Rudolf Grauer magharibi mwa Ziwa Tanganyika. Mifupa ilipelekwa Ulaya, na jina likawa la mkusanyaji. Leo sokwe huyo yuko katika hatari kubwa ya kutoweka. Hifadhi ya Itombwe, iliyoanzishwa mwaka 2006 katika ardhi ya Fizi, Mwenga na Uvira, ni miongoni mwa ngome zake za mwisho. Ana kucha bapa kama zetu, na mikunjo ya pua yake humtofautisha na wenzake wote, kiasi kwamba wafuatiliaji humtambua kila mmoja kwa pua.

Mtoto aliyefundishwa kuona mkono wa sokwe kama kiungo cha sokwe, cha kumenyea shina na kubebea mwana, hatauona kama nyama tu. Walinzi na mabango havitoshi kuuhifadhi msitu; anatakiwa mtu aliyezoea tangu utoto kuuliza mwenye kiungo anakihitaji kwa nini.

Basi naomba mambo haya. Wakurugenzi, ruhusuni somo moja kila wiki lifanyike nje ya ukuta wa darasa. Wazazi, siku ya kuchinja mwiteni mtoto, mpeni firigisi aipasue, mwacheni aulize. Walimu, msikubali jibu lisilo na ushahidi, hata likiwa sahihi. Mtoto akimaliza darasa la pili, aweze kusimama mbele ya mnyama yeyote wa hapa Ngandja, aoneshe viungo vitano, aseme kila kimoja kinamfaa nini mwenye nacho, na aeleze amejuaje. Tukimfikisha hapo, daktari wa mifugo, muuguzi, mhifadhi na mpatanishi wa kesho wa Fizi watakuwa wameanza masomo yao chini ya mwembe wa shule zetu.